Picha ya Tai wa Uani

Mama wa nyumba anapofungulia vifaranga wake asubuhi mjini Kasese, jambo la kwanza alitendalo ni kutazama juu. Juu ya paa la mabati amekwisha kutua mwewe, juu ya nguzo ya umeme yuko mwingine, na angani, pale joto la bonde linapoanza kupanda kuielekea milima ya Rwenzori, wamo watatu au wanne wanaozunguka bila kupiga mbawa. Ndege hao ni majirani wa kila siku. Watoto huwajua kwa hila zao, kuku huwajua kwa vivuli vyao, na askari aliyekesha zamu huwaona wakishuka jalalani kabla hajavua viatu. Hata hivyo ni nyumba chache zenye picha moja nzuri ya mmojawapo. Picha nyingi zilizomo katika simu za watu zaonyesha doa jeusi katika anga jeupe, na mwenye picha hulazimika kueleza kwa mdomo kwamba doa lile ni tai.

Kazi ya kupata picha iliyo bora yaanza kwa kumjua anayepigwa. Mwewe ndiye mwepesi kuliko wote, kwa kuwa hamwogopi mtu na mkia wake uliopindwa katikati humtambulisha hata kwa mbali. Tai mweusi mwenye ushungi mrefu kichwani hupenda nguzo na miti iliyokauka kando ya mashamba, naye aweza kukaa mahali pamoja nusu saa nzima akitazama chini. Mpiga picha anayejifunza hana mwalimu mwema kumshinda huyo. Kipanga mweupe mwenye mabega meusi na macho mekundu husimama hewani juu ya nyasi akipiga mbawa, kisha hujitupa. Tumbusi mdogo na wale ndege wakubwa wa jalalani ambao Waganda huwaita kaloli hufika palipo na machinjio. Atakayesafiri kutoka Kasese kupita Kikorongo, mahali ambapo mstari wa Ikweta hukata barabara, hadi Bwera, atakuwa amepita ukingoni mwa Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambamo aina zaidi ya 600 za ndege zimeandikwa. Lakini si lazima kwenda hifadhini. Ndege wala nyama hufuata panya, na panya hufuata ghala la mahindi, na ghala liko uani.

Jambo la pili ni mwanga. Nchi iliyo juu ya Ikweta haina jua la kubembeleza. Jua huchomoza mnamo saa moja asubuhi, na ifikapo saa nne limekwisha kuwa kali, vivuli vimeingia chini ya nyusi za ndege, na jicho lake, ambalo ndilo roho ya picha, limepotea gizani. Zaidi ya hayo, bonde la Kasese lina joto, na joto hilo hupandisha juu ya ardhi mvuke unaochezacheza. Mtu apigaye picha ya ndege aliye mbali wakati wa adhuhuri hulaumu kamera yake bure, maana hewa yenyewe imekwisha kuikoroga picha kabla haijafika kwenye kioo. Saa mbili za kwanza baada ya kupambazuka na saa mbili za mwisho kabla ya jua kuzama ndizo za kazi. Vilevile siku ya mawingu mepesi yafaa sana, kwa kuwa wingu huugawa mwanga sawasawa na manyoya meusi hupata kuonekana.

Ustahimilivu huu si mgeni katika nchi hiyo. Mwaka 1906, msafara wa Mwana-mfalme Luigi Amedeo wa Italia ulipopanda Rwenzori kwa njia ya bonde la Mubuku, alikuwamo mpiga picha Vittorio Sella, ambaye vyombo vyake vizito vilibebwa na wapagazi katika matope na mvua. Ukungu wa milima ile ulimfanya awe mtu wa kungoja, na picha alizorudi nazo zingali zatazamwa hadi leo. Anayengoja tai juu ya nguzo kwa robo saa, akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko lake, hana budi kukiri kwamba amepewa kazi nyepesi.

Kuhusu vyombo, simu yatosha kwa kuanzia, ila isitumiwe kwa kuvuta. Katika simu nyingi za bei nafuu, kuvuta huko ni kukata tu picha na kuikuza, na anachopata mtu ni ukungu. Ni heri kusogea taratibu kwa mwendo wa kukatiza kana kwamba mtu anapita zake, bila kumkazia ndege macho. Au kuegemeza jicho la simu kwenye kioo cha darubini na kupiga kupitia humo. (Darubini ya serikali, bila shaka, hubaki kazini.) Mwenye kamera ya mkono wa pili yenye lenzi ya milimita 300 atafaidika zaidi. Kwa ndege aliyetua, kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde yatosha; kwa ndege arukaye, sehemu moja ya 1,600 haizidi. Na kwa kuwa kamera huliona anga jeupe ikadhani kila kitu ni cheupe, ndege mweusi aliye mbele ya anga ataongezewa mwangaza kidogo kabla ya kupigwa, hata kama anga litapauka. Anga lililopauka si hasara kubwa. Ndege asiyeonekana ndiye hasara.

Baada ya kupiga huja kutengeneza, na hapo ndipo wengi huharibu. Mfano wa nyumba moja utatosha.

Koplo mmoja wa polisi alikuwa amepanga nyumba upande wa Bwera, katika kilima kinachotazama mto Lhubiriha na nchi ya Kongo ng'ambo yake. Uani palikuwa na migomba, mihogo, mibuni michache, na banda la kuku la mke wake. Mama huyo alikuwa na vifaranga kumi na wanane, na matumaini yake juu yao yalikuwa yamekwisha kugawanywa: hawa kwa ada ya shule, hawa kwa sare, na wawili wa kuliwa Krismasi. Katika wiki mbili walipungua.

"Baba watoto," alisema jioni moja, "wamebaki kumi na mmoja. Nimewahesabu mara mbili."

Mzee jirani, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa ua, hakungoja kuulizwa. "Afande, mwizi ni yule mweusi mwenye shungi. Kila siku yuko pale juu ya nguzo. Anafanya nini pale kama si kuhesabu kuku wetu?"

Koplo alikuwa na kamera ya zamani aliyoinunua kwa mwenzake, naye aliipenda kwa siri kama wengine wapendavyo redio. Jioni ya siku ya tatu alimwona tai akirudi nguzoni na kitu katika kucha zake. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya kilima. Alipiga picha sita, zote nyeusi. Mwanawe wa kidato cha tatu, aliyesifiwa mtaa mzima kwa kutengeneza picha za arusi, aliichukua iliyo bora akaifanyia kazi usiku. Alikata kingo, akalitia anga rangi ya machungwa, akalizidisha giza la ndege hata akawa kama mfalme aliyechongwa kwa mpingo. Chini ya mguu wa tai palikuwa na mstari mwembamba unaoning'inia, ambao yeye aliuona kuwa kipande cha waya kinachoharibu umbo. Akaufuta kwa chombo cha kufutia madoa. Picha ilikuwa nzuri kweli. Asubuhi ilikuwa imekwisha kupita katika simu za majirani wote, na kila aliyeitazama aliona kifaranga katika kucha.

Mchana Mzee alikuja na habari kwamba amepata utumbo wa mbuzi na dawa ya kuulia wadudu wa shambani, na kwamba atauweka chini ya nguzo.

Yafaa kusema hapa kwa nini neno hilo lilikuwa zito kuliko alivyofikiri msemaji. Sumu haiulizi jina. Mnamo Aprili 2018 simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, katika wilaya hiyohiyo ya Kasese. Mnamo Machi 2021 simba sita walikutwa wamekufa upande wa Ishasha, kusini mwa hifadhi, na karibu yao wakakutwa tumbusi wanane waliokufa pia. Tumbusi hula kwa kundi. Mzoga mmoja wenye sumu waweza kuliangamiza kundi zima kwa asubuhi moja. Tangu mwaka 2015 yule tumbusi mdogo wa machinjioni amewekwa na wataalamu wa dunia katika daraja la viumbe waliokaribia kabisa kutoweka. Na kabla tai hajashuka nguzoni, mbwa wa jirani atakuwa amekwisha kupita, na pengine mtoto atambaaye.

Mke wa koplo hakuyataja hayo yote. Alimgeukia mumewe akasema kwa upole, "Baba watoto, wewe kazini huandika maelezo ya shahidi kwa mkono wako, kisha mtu mwingine akayaandika upya ayapendeze?"

"La hasha."

"Basi picha yako ile ya kwanza iko wapi?"

Ilikuwapo, kwa bahati, kwa kuwa kijana alikuwa ameifanyia kazi nakala. Waliifungua mbele ya Mzee, juu ya meza ya chakula. Safari hii kijana hakuongeza giza. Aliliinua polepole, mahali penye ndege tu, mpaka manyoya ya kifua yakaanza kutengana, jicho la manjano likatokea, na miguu ikaonekana. Ule mstari mwembamba uliendelea kuning'inia. Ulikuwa mrefu, wenye pingili, na ulianzia katika kitu chenye masikio.

"Mama, nilidhani ni waya," alisema kijana.

Mzee aliishika simu, akaisogeza mbali na macho yake kama wafanyavyo wazee, akakaa kimya kitambo. "Kifaranga," alisema mwishowe, "hana mkia wa namna hii."

Tai yule mwenye ushungi chakula chake kikubwa ni panya wa mashambani, na mara nyingi humeza panya mzima. Alikuwa akikaa nguzoni kwa ajili ya ghala la Mzee mwenyewe.

Katika kisa hicho kijana hakukusudia kudanganya mtu. Alitaka picha ipendeze, na alifuta kitu asichokielewa. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kuisafisha picha na kuigeuza. Mwanga waweza kuinuliwa, kwa sababu jicho la mtu aliyekuwapo liliona zaidi ya kamera. Ukungu waweza kupunguzwa, nguzo iliyoinama kunyoshwa. Lakini kitu kilichokuwapo kisiondolewe kabla ya kujulikana ni nini, wala kisichokuwapo kisitiwe. Siku hizi tahadhari hiyo imekuwa kubwa zaidi, kwa maana zipo simu na programu zenye akili mnemba ambazo, zikipewa ndege mwenye ukungu, humchorea manyoya mapya kwa kubuni. Picha hutoka kali kama wembe, na ndege aliyemo hajapata kuishi popote.

Anayetaka kutengeneza kwa haki na atumie mojawapo ya programu za bure kama Snapseed, na afanye nakala kwanza. Picha ya asili isiguswe hata kidogo, ihifadhiwe kama kielelezo cha kesi. Kisha akate kingo, akimwachia ndege nafasi mbele ya uso wake, upande anaotazama, la sivyo ataonekana kama mfungwa aliyeelekezwa ukutani. Asikate kupita kiasi. Picha ya simu yenye nukta milioni 12, ikikatwa ikabaki robo, ina nukta milioni tatu, nazo zatosha kuchapwa kwa ukubwa wa kadi ya posta. Ikikatwa zaidi ya hapo itafaa kutazamwa simuni tu. Ndipo ainue vivuli. Kazi hii ifanywe kwa mkono mwepesi, maana giza likiinuliwa mno huleta chenga kama za televisheni isiyoshika mawimbi, na manyoya meusi huwa ya kijivu kama majivu ya jikoni. Palipo na weupe mkali, kwa mfano kwenye kifua cha kipanga, mwangaza ushushwe mpaka alama za manyoya zirudi. Kama hazirudi, basi ziliungua wakati wa kupiga, na hakuna programu ya kuzifufua.

Rangi yataka heshima ya pekee. Mwewe mkazi wa Uganda akikomaa huwa na mdomo wa manjano, ilhali yule mgeni ajaye kutoka kaskazini katika miezi ya baridi ya Ulaya huwa na mdomo mweusi. Na kinda la mwewe mkazi nalo lina mdomo mweusi. Anayezidisha rangi ili picha ing'ae aweza kuugeuza mdomo wa kijivu kuwa wa manjano, na kwa kidole kimoja akamgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Wahesabu ndege, kama wale wa shirika la NatureUganda ambao huwahesabu ndege wala nyama kando ya barabara, hawawezi kuitegemea picha ya namna hiyo. Mwisho kabisa huja kunoa ukali wa mistari. Ukitokea utepe mweupe unaomzunguka ndege kama uzi wa mshonaji, kisu kimenolewa kupita kiasi. Na kirudishwe nyuma.

Liko jambo jingine linalozihusu hasa nyumba za askari. Kamera yenye lenzi ndefu, hapo Mpondwe mpakani au karibu na kambi yoyote, haionekani kuwa ya mpenda ndege. Mwewe hajui mipaka ya kambi, naye hupenda minara, mapaa ya bohari na nguzo za walinzi. Mtu wa familia ya askari asidhani kwamba ujamaa wake ni kibali. Na aombe ruhusa kwa mkubwa wa mahali, na picha yenye lango, silaha au gari la kazi nyuma ya ndege ifutwe yote badala ya kukatwa kingo, kwa kuwa ile ya asili hubaki. Tena simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Yafaa kuzima uandishi huo kabla ya kutuma picha kwa wengine. Huilinda kambi, na hulilinda pia tundu la tai lenye makinda, ambalo wapo watu wangefurahi kulijua.

Ama vifaranga wa Bwera, mwizi wao alipatikana wiki iliyofuata, saa tano mchana, jua likiwa kali na picha ikiwa mbaya: mwewe mwenye mdomo wa manjano, na safari hii kilichokuwa katika kucha kilikuwa na mbawa. Hakuna aliyezungumza tena habari ya utumbo wa mbuzi. Mke wa koplo aliwafunika vifaranga waliobaki kwa tenga pana katika majuma yao ya kwanza, akawatoa jioni tu, akamwomba mumewe atandike nyuzi za katani kutoka banda hadi mgombani, zikipishana juu ya ua, kwa maana mwewe huogopa kushuka mahali asipoona njia ya kupandia. Chini ya mlango wa banda lilionekana tundu lililochimbwa, nalo likazibwa kwa mawe, kwa kuwa vifaranga wawili walikuwa wamepotea usiku, na usiku mwewe hulala.

Picha ya tai ilichapwa Kasese, katika duka moja la picha, nakala mbili. Ya kwanza imetundikwa sebuleni kwa koplo, mkia wa panya ukionekana wazi. Ya pili aliiomba Mzee. Ameitundika ghalani, ndani ya mlango, juu ya magunia ya mahindi.